Kwa mnaoanza uzamili na mtarudi Kigoma kukusanya data

Wadogo zangu mnaoanza shahada ya uzamili mwaka huu, masomo ya darasani yasiwanyime usingizi. Yana ratiba, yana mitihani, na wenzako mko pamoja. Wengi hukwama baada ya hapo: umeshatetea pendekezo la utafiti, umerudi Kigoma kukusanya data, na hakuna tena anayekuuliza umefikia wapi.

Nyumbani watadhani umekuja likizo. Kuna msiba Ujiji, kuna harusi Mwanga, shangazi anataka umshikie duka. Msibani nenda, lakini waambie wazee mapema kwamba uko kazini, na siku zipi hutapatikana. Kabla ya kuondoka chuoni, patana na msimamizi wako tarehe za kumtumia kazi. Tarehe ikifika tuma ulichonacho, hata kama ni kurasa mbili. Ukikaa kimya miezi mitatu utaanza kumwogopa, na hofu hiyo imewafanya watu wazuri waache tasnifu zao njiani.

Barua ya utambulisho ya chuo peke yake haikufikishi kijijini. Kibali huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kikashuka wilayani na halmashauri hadi kwa watendaji wa kata na kijiji. Tembea na nakala.

Kama utafiti wako ni wa uvuvi, ratiba yako aipange nani kama si ziwa? Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hawatoki. Siku hizo usiende Kibirizi au Katonga kupima samaki, mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, utakuwa umepoa. Nenda ukazungumze, maana mvuvi yupo, anashona nyavu, ana muda na wewe. Uliza pia mapema ofisi ya uvuvi kama ziwa litafungwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyekuwa amepanga kupima samaki mwezi Juni ilibidi apange upya.

Tasnifu utaiandika kwa Kiingereza, lakini dodoso lijaribu kwa Kiswahili, na kwa wazee tafuta mtu anayejua Kiha, lugha ya wenyeji, kabla hujachapa nakala nyingi. Swali la "kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani" litakupa makisio matupu. Muulize mvuvi safari ya mwisho walipata ndoo ngapi, waliuza bei gani, mafuta yalikula kiasi gani, mwenye chombo akachukua ngapi. Hapo atakujibu bila kusita, na hesabu utaifanya mwenyewe.

Sura ya mbinu iandike ukiwa hukohuko, wakati bado unakumbuka uliwapataje watu wako na kwa nini uliuacha mwalo fulani. Madodoso yaliyojazwa yapige picha kila jioni, ujitumie kwa barua pepe kabla hujalala.