Sebule kuwa kituo cha watoto: rangi isubiri, hati kwanza

*Maswali ya wasomaji kuhusu ardhi na makazi. Barua za safari hii zimetoka Mwanza, na karibu zote zinauliza jambo moja: nyumba ya kuishi inaruhusiwa vipi kuhudumia mtaa?*

Nina nyumba ya vyumba vinne Buswelu, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye hati ya makazi. Nataka kulea watoto ishirini wa miaka miwili hadi minne, mama zao wakiwa sokoni na kazini. Mtendaji wa mtaa ameniandikia barua, mwenyekiti amegonga muhuri. Nikishapaka rangi na kununua magodoro, si naweza kuanza?
*Mama wa Buswelu*

Hapana, mama. Weka hela ya rangi pembeni kwanza. Barua ya mtaa ni ya lazima na utaitumia, lakini inachosema ni kwamba wewe ni mkazi wa pale na viongozi wako wanakufahamu. Haigusi matumizi ya ardhi. Hayo yako mikononi mwa halmashauri kama mamlaka ya upangaji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Sheria hiyo haitazami ujenzi peke yake. Hata kama hukuongeza tofali moja, kugeuza matumizi ya jengo ni uendelezaji, na uendelezaji unahitaji kibali.

Halmashauri yako ni Manispaa ya Ilemela, na ofisi zake ziko hukohuko Buswelu. Wasomaji wa Igoma, Mkolani, Butimba na Mabatini wao ni wa Halmashauri ya Jiji, upande wa Nyamagana. Tunalitaja hili kwa sababu wote tunasema tunakaa Mwanza, na kuna watu wanapoteza wiki nzima faili likiwa kwenye ofisi isiyo yao.

Kabla hujatoka nyumbani, fungua hati yako. Hati nyingi za viwanja vya makazi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtafute anayeweza kukusomea ukurasa wa masharti. Kuna sharti linalotaja matumizi, na humo utakuta kundi la matumizi limeandikwa kwa herufi. Liandike kwenye karatasi kama lilivyo. Afisa mipango miji atalianzia hapohapo, na majibu yake yatategemea herufi hiyo kuliko maelezo yako yote kuhusu shida ya akina mama sokoni.

Ukifika kwake, swali la msingi litakuwa hili: baada ya watoto kuingia, nyumba itabaki makazi au itakuwa kituo ambacho kuna mtu analala? Mama anayekaa na watoto watatu wa majirani sebuleni kwake bado anaishi nyumbani. Watoto ishirini, walezi wawili wa kuajiriwa, kibao getini na bodaboda kumi kati ya saa moja na saa moja na nusu asubuhi, hiyo ni huduma kamili. Kwa idadi uliyoandika, jiandae kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na usijaribu kupunguza idadi kwenye fomu. Kibali huja na masharti. Ukiomba kwa watoto wanane ukaweka ishirini, umekivunja siku ya kwanza.

Faili lenyewe huwa na barua ya maombi kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, nakala ya kitambulisho, barua ya mtaa na mchoro. Mengi yanakwama kwa sababu ndogo. Kodi ya pango ina deni la miaka minne. Hati ina jina la marehemu baba na mirathi haijafunguliwa. Hapo hakuna ombi linalosogea mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na jina lihamishwe. Au hati iko benki kwa ajili ya mkopo, na benki haijaulizwa. Kama nyumba ni ya familia, mwenzi wako naye aridhie kwa maandishi mapema, asije kuulizwa wakati faili liko mezani.

Mchoro wa kiwanja unastahili muda wako. Tumia kipimio cha 1 kwa 200: mita 10 za ardhini zinakuwa sentimita 5 kwenye karatasi, na kiwanja chako kinakuwa sentimita 10 kwa 15, kinaenea vizuri kwenye A4. Onyesha bikoni nne, yaani mawe ya mipaka, ukuta, geti, nyumba, choo, karo la maji taka, tenki la maji, sehemu ya kuchezea na mahali bodaboda zitakaposimama bila kuziba njia. Onyesha pia nyumba za majirani na upana wa barabara iliyo mbele. Mchoro ambao nyumba inaelea peke yake kwenye karatasi tupu hurudishwa. Afisa akisema panahitajika mchoro rasmi wa mabadiliko, huo utauandaa kwa mpangamiji aliyesajiliwa na bodi, si kwa fundi wa mtaani.

Baada ya hapo kuna tangazo la kuwajulisha majirani, ukaguzi wa eneo, kisha Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri. Kamati ikiridhia, ombi linakwenda ngazi ya wizara ya ardhi. Likikubaliwa, hati ya zamani inarudishwa na kuandaliwa mpya yenye matumizi mapya. Kodi ya pango nayo itabadilika kufuata matumizi hayo, kwa hiyo iulizie kabla hujapanga ada ya mzazi. Malipo yote ya serikali yana kontroo namba. Anayekuambia umpe mkononi "ili faili litembee", mwombe kontroo namba, na kama hana, ondoka.

Sasa karo, maana hapa ndipo vituo vingi vya nyumbani vinapolemewa. Karo lako lilichimbwa kwa familia ya watu sita. Ukiongeza watoto ishirini na walezi wawili, umezidisha watumiaji zaidi ya mara nne saa za mchana. Fanya hesabu ya maji: mtoto mmoja akitumia lita 15 kwa siku kwa kunawa, choo na uji, watoto ishirini wanamaliza lita 300. Tenki la lita 1,000 litakupa siku tatu maji ya bomba yakikatika, na yote hayo yanaishia karoni. Pima kina kilichobaki kwa mti mrefu, na hakikisha gari la kunyonya maji taka linaweza kufika karibu. Afisa afya akija ataanzia uani kwako, sebule ataiona baadaye.

Ukipata kibali cha ardhi, umemaliza mlango mmoja. Wa pili ni wa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kwa sababu vituo vya kulelea watoto mchana vinasimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na vinahitaji leseni. Anza kuongea naye mapema, sambamba na maombi ya ardhi, ili akuambie mahitaji ya vyumba, vyoo na walezi kabla hujavunja ukuta wowote. Na shika mipaka yako: watoto wakianza kulala hapo, hayo ni makao ya watoto, yana utaratibu mzito zaidi. Ukifungua darasa la awali, umeingia upande wa elimu.

Jambo la mwisho kwako ni lile banda la bati ambalo kila mwenye kituo hutamani kuliweka uani ili watoto wacheze kivulini. Hilo ni jengo. Linahitaji kibali cha ujenzi, tofauti na kibali cha matumizi. Ukilisimamisha kimyakimya, asubuhi moja utakuta ukutani X nyekundu na neno SIMAMISHA, na wazazi watalisoma kabla yako.

Sisi tuko Mabatini, mlimani. Nyumba haina hati, urasimishaji ndiyo umeanza na kamati ya mtaa imeshaitisha mkutano. Kikundi chetu kinataka chumba kimoja kiwe cha kusomea wanafunzi jioni. Tusubiri hati au tuendelee?
*Kijana wa kikundi, Mabatini*

Mmeuliza wakati mzuri kuliko mnavyodhani. Kwenye urasimishaji, yaani kupanga na kupima mtaa uliojengwa bila mpango ili watu wapate hati, matumizi ya kila kipande huamuliwa mchoro wa mipango miji unapoandaliwa. Mchoro ukishaidhinishwa na nyumba yenu ikasomeka makazi, mtarudi kwenye safari ndefu tuliyomweleza mama wa Buswelu. Kabla haujaidhinishwa, ni suala la kuomba mkutanoni. Nendeni na mwenye nyumba, ombeni kipande hicho kiandikwe matumizi mchanganyiko au huduma za jamii, na hakikisheni ombi limeingia kwenye muhtasari wa mkutano. Mchoro wa rasimu ukibandikwa, tafuteni namba ya nyumba yenu na mwangalie rangi yake kwa kulinganisha na ufunguo wa rangi ulio pembeni. Kosa la kupaka rangi moja mahali pa nyingine hutokea, na kulirekebisha kwenye rasimu ni rahisi.

Wakati huohuo mwelezeni afisa mipango miji kwa barua mnachotaka kufanya, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mlima una mambo yake. Kwenye mwamba shimo la choo halichimbiki, watu hujenga kwa juu, na likijaa linatiririkia kwa jirani wa chini. Wanafunzi kumi na tano wa jioni watalijaza upesi. Njia ya kupandia nayo ikaguliwe usiku, si mchana: ngazi za mawe zisizo na taa wakati wa mvua ni hatari kwa mtoto mwenye begi. Gari la zimamoto halifiki kule juu, kwa hiyo mtungi wa poda kavu wa kilo 6 uwe ukutani karibu na mlango, sindano ya geji ikiwa kwenye kijani, na mlango ufunguke kuelekea nje.

Nilibandika tangazo la kubadilisha matumizi, jirani mmoja wa hapa Nyamanoro akaandika barua ya kupinga. Je, ombi langu limekufa?
*Msomaji, Nyamanoro*

Halijafa. Kamati inasikiliza sababu, haihesabu wapinzani. Omba kuiona barua au uambiwe hoja zake, kisha ujibu kila moja kwa kitu kinachopimika. Akisema kelele, andika saa za kufungua na kufunga, hamisha sehemu ya kuchezea kutoka upande wa dirisha lake, na ikae kwenye mchoro. Akisema magari, onyesha mahali pa kushushia watu. Akisema maji ya mvua yanaingia kwake, nenda ukaangalie mwenyewe, maana huenda ana haki na mtaro utagharimu kidogo kuliko ugomvi. Mpelekee mapendekezo hayo nyumbani kwake ukiwa na mjumbe, kwa heshima, kabla ya siku ya kamati. Akikubali, aandike na kusaini. Usiwazungukie majirani kukusanya saini ukimruka yeye. Mkaguzi akifika atamuuliza yeye kwanza.

Baba yangu ana eneo Igombe, ufukweni kabisa. Tunataka sehemu ya vijana: ukumbi mdogo, choo na kibanda cha vitabu. Eneo ni letu tangu zamani.
*Binti wa Igombe*

Dada, kumiliki ni jambo moja, kujenga ufukweni ni jingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na halmashauri haiwezi kukupa kibali cha kuivuka. Msipime kwa hatua kuanzia maji ya kiangazi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, likameza nyumba na mashamba ya watu waliodhani wako mbali. Mleteni mpima aweke alama ya mita 60 ardhini, mkae nyuma yake. Choo ndicho kisogezwe mbali zaidi na maji kuliko kitu kingine chochote. Na andaeni maji ya bomba au ya tenki kwa vijana, wasitegemee kunawa ziwani. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu.

Mimi ni mpangaji Kirumba. Naweza kuomba kibali kwa jina langu?
*Mpangaji*

Hati si yako, kwa hiyo mwombaji ni mwenye nyumba. Mkubaliane kwa mkataba ulioandikwa unaotaja matumizi hayo waziwazi, muda usiopungua ule utakaokurudishia gharama zako, na nani atalipa kodi ya pango ikipanda. Asipotaka kuweka jina lake kwenye fomu, tafuta nyumba nyingine.