Kozi mbili nilizochukua kujazia krediti

Kila ukifika mwezi wa saba simu yangu haitulii. Kuna mdogo wangu fulani kapata chuo Marekani, kapata na viza, na mshauri wa masomo kamtumia orodha ndefu ya kozi achague. "Dada, nyepesi ni ipi?" Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Kaka mmoja wa Mombasa aliyenitangulia chuoni akanijibu bila kufikiri: "Chukua Masomo ya Marekani, ni hadithi tupu. Na astronomia, kutazama nyota tu." Nikazibeba zote mbili muhula mmoja, Januari hadi Mei 2024, katika chuo kimoja kaskazini mwa Ohio. Wiki ya sita ilinikuta na C huku na D kule.

Kwa asiyejua: shahada ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti 120 hivi (kila kozi ina idadi yake ya krediti), na fungu kubwa halihusiani na fani yako. Mimi nilikuwa nasomea uhasibu, lakini bila sayansi moja yenye maabara na kozi kadhaa za historia, fasihi na sanaa, huhitimu. Ndizo tunazoziita za kujazia. Kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako zote, hata hivyo zinahesabika sawasawa na uhasibu wako.

Kilichoniangusha si ugumu. Sisi tuliokulia kwenye mtihani wa taifa tumezoea kujilegeza miezi mizima kisha tukakesha wiki mbili za mwisho. Kule alama zinadondoka kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza, na iliyodondoka hairudi. Silabasi ya Masomo ya Marekani ilisema wazi: kuchangia darasani asilimia 20, jibu la ukurasa mmoja kila wiki asilimia 25, insha mbili fupi 30, insha ndefu 25. Niliposoma hakuna mtihani wa mwisho nilishangilia. Nilipaswa kuogopa.

Hiyo asilimia 20 ya kuchangia ndiyo iliyonitoa jasho. Tulikuwa wanafunzi 14 tumeizunguka meza moja. Mimi nikakaa kimya kwa adabu, namwachia mwalimu aseme. Mwezi wa pili akaniita ofisini, nikaenda miguu ikitetemeka kama nimeitwa na mwalimu mkuu, kumbe alitaka kuniambia jambo moja tu: "Mimi sijui wewe unafikiri nini." Tangu siku hiyo nikawa naingia na mambo mawili niliyoyaandika pembeni mwa kitabu, na moja nalisema ndani ya robo saa ya kwanza, kabla wale wasemaji hawajalishika darasa. Kumpinga profesa hakukuhesabiwa utovu wa adabu. Aliyenyamaza ndiye aliyeonekana hakusoma.

Na jina la kozi lisikudanganye. Si historia ya marais kwa mpangilio wa miaka. Wiki hii mnasoma sheria ya 1830 iliyowahamisha Wenyeji wa Marekani kutoka ardhi zao, wiki ijayo mnasikiliza muziki wa bluzi, inayofuata mnaweka mezani sheria ya 1882 ya kuwazuia wafanyakazi wa Kichina na ile ya 1965 iliyofungua mlango wa uhamiaji, mnaulizana Mmarekani ni nani na nani aliyeamua. Insha yangu ya kwanza ilikuwa juu ya hotuba ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani mkubwa wa utumwa, aliyoitoa Rochester mwaka 1852, alipowauliza Wamarekani sikukuu yao ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa. Nikaeleza alizaliwa wapi, alitoroka lini, alisema nini. Ikarudi na mstari mmoja wa wino wa kijani: "Haya yote nayajua. Wewe unasemaje?"

Mstari huo uliniuma, lakini ndio ulioniokoa kwenye insha ndefu. Niliacha kutafuta mada ya Kimarekani, nikamkumbuka bibi yangu Unguja na lile jora lake la kitambaa kizito, cheupe kisichopaushwa, alichokiita merikani. Jina lenyewe linasema kilikotoka. Marekani na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, walitiliana mkataba mwaka 1833, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akaanza kazi Unguja mwaka 1837, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta nguo na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi ya kutengenezea vanishi, na karafuu. Pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Hoja yangu ikawa kwamba kitambaa kilichoanzia mikononi mwa watumwa wa kule kiliishia miilini mwa watumwa wa huku, na wafanyabiashara wa kaskazini waliojiona mikono yao ni safi walipata faida pande zote mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, biashara hiyo ikayumba. Hapo nilikuwa na la kusema, na darasani hapakuwa na mwingine wa kulisema. Kwa hiyo usikimbilie mada ambayo wenzako kumi watakuzidi kwa kuzaliwa nayo.

Sasa astronomia. Maelezo ya kozi yalisema ni kwa wasiosomea sayansi, mimi nikaelewa hakuna hesabu. Hesabu ipo! Si kalkulasi, lakini vipeo, uwiano na kipeuo vitakufuata hadi kitandani. Mfano wa wiki ya tatu: sayari ya Mushtari (Jupita) iko mbali na jua mara 5.2 ya umbali wetu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo huko jua linafifia mara 27. Na kwa kanuni ya Kepler, inayounganisha umbali wa sayari na urefu wa mwaka wake, 5.2 × 5.2 × 5.2 ni kama 141, kipeuo chake cha pili kinakaribia 11.9, nao ndio mwaka wa Mushtari kwa miaka yetu. Ukilielewa hilo kwa mkono wako, nusu ya kozi unayo. Mimi niliinakili tu, hadi msaidizi wa mwalimu aliponikalisha saa nzima akanifundisha upya vipeo vya kumi nilivyovisahau tangu kidato cha pili.

Swali lililonifedhehesha ni la baridi. Kwa nini Januari Ohio inaganda? Nikaandika kwa kujiamini: dunia iko mbali na jua. Kumbe mwanzoni mwa Januari ndipo dunia inapokaribia jua kuliko wakati wowote wa mwaka. Sababu ni mhimili ulioinama nyuzi 23.5, unaolaza miale na kufupisha mchana. Nilikosa pamoja na nusu ya darasa, wenye baridi yao wakiwemo, nikapoa kidogo.

Maabara ilikuwa juu ya paa la jengo la sayansi, usiku, nyuzi 9 chini ya sifuri. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora nafasi za miezi minne ya Mushtari, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, usiku baada ya usiku. Kwenye darubini ni vidoa vinne vimepangana mstari, kimoja kikija kupotea nyuma ya sayari. Kalamu yangu iligoma kwa baridi, mwenzangu akanipa penseli. Lakini pale juu ndipo nilipoacha kujiona mgeni. Aliyetuongoza alituonyesha kifungu cha nyota, akauliza nani anakijua kwa jina jingine. Kilimia! Bibi alikuwa akisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kisha yakaja majina ya nyota yenye asili ya Kiarabu, ambayo wenzangu waliyakariri kwa shida: Rigel ni rijl, mguu, Deneb ni dhanab, mkia. Aliyepita madrasa ana mtaji hapo.

Nyota ya kaskazini nilikuwa sijaiona maishani, kwa sababu Unguja iko kusini ya ikweta na yenyewe imelala chini ya upeo. Ohio inasimama nyuzi 41 hivi, sawa na latitudo ya mahali. Wiki hiyo hiyo, kwenye meza ile ya Masomo ya Marekani, tulisoma jinsi watumwa waliotoroka kutoka Kentucky walivyouvuka mto Ohio wakiifuata, na Douglass akalipa gazeti lake la 1847 jina la nyota hiyo. Jibu langu la wiki nililiandika usiku huo huo, vidole vikiwa bado na ganzi.

Machache ya kiofisi. Usichukue kozi mbili za aina hii muhula wako wa kwanza, moja inatosha. Ukizidiwa, unaweza kujitoa kabla ya tarehe iliyowekwa na kubaki na W (alama ya kujitoa) badala ya F (kufeli), lakini mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, asishuke chini ya krediti 12 bila kupita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na kabla ya kununua kitabu cha astronomia cha bei ya kukondesha, muulize profesa kama kile cha OpenStax, wachapishaji wa vitabu vya chuo vya bure, kinafaa, hicho ni bure mtandaoni.

Tarehe 8 Aprili jua lilipatwa lote juu yetu, kama saa tisa na robo alasiri. Karibu dakika nne za giza, Zuhura ikatokeza mchana, taa za barabarani zikawaka zenyewe. Profesa alikuwa ametupa alama za ziada kwa atakayeandika halijoto kila baada ya dakika tano. Mimi nilisahau kipimajoto mfukoni hadi mwanga uliporudi. Nikamaliza astronomia na B-, Masomo ya Marekani na A-. Yule kaka wa Mombasa alipoona matokeo akasema, "Si nilikwambia nyepesi?"