Karatasi ya fomula wape, ila usiwazoeshe hadi mwisho

Mwalimu pole na hao fomu thrii, swali lako la kama uwawekee fomula za hesabu kwenye mitihani ya mwezi au ndo utawalemaza, mi nasema wawekee kwa sasa. Wengi wao shida sio kukariri. Andika fomula ya kwadratiki, x = (−b ± √(b² − 4ac))/2a, ubaoni kabisa afu wape 2x² − 7x + 3 = 0, uone watakaoanza na −7 badala ya 7 maana hawajashtuka kwamba b yenyewe ni hasi, wengine watagawanya kile cha ndani ya mzizi tu kwa 2a na b wanaiacha inaelea, fomula iko mbele ya macho yao na bado majibu 3 na ½ hayaji!! Huko Uingereza watoto wa GCSE (mtihani wao wa sekondari) wanapewa karatasi ya fomula tangu 2022, mambo ya korona yale, na hesabu haijageuka kuwa mteremko.

Ila mtihani wa NECTA, baraza letu la mitihani Tanzania, ndo ishu yenyewe, pale kalkuleta hamna, majedwali tu, ujazo wa koni mtoto aje nao kichwani. Kwahiyo muhula wa kwanza wape, wa pili kila mtu aandike ya kwake kwa mkono, nusu ukurasa tu (fotokopi marufuku, watagawana bila kusoma), wakiingia fomu foo unaiondoa. Na eneo la pembetatu usiwaandikie hata siku moja, huko sasa ni kudekeza.