Mkopo mkubwa wa nyumba: riba hupanda au hushuka?

Ndugu, umeuliza kama maneno ya shemeji yako aliyeko Marekani, kwamba mkopo mkubwa lazima uwe na riba ya juu, yanafaa kwa ile nyumba ya Nyali, Mombasa. Hata kule si lazima. Kule kuna kikomo cha mkopo wa kawaida wa nyumba: mwaka 2025 kilikuwa dola 806,500 kwa sehemu nyingi. Ukikivuka, Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, hawanunui mkopo huo, na mara nyingi benki inabaki na hatari. Hivyo benki humchuja mkopaji sana na kumtaka arbuni nene, lakini riba yenyewe hukaribiana na ya kawaida, pengine ikawa chini.

Kwetu Kenya pengo la riba ni kubwa zaidi, na hapo ndipo nakuomba utulie. KMRC, kampuni inayozikopesha taasisi fedha za mikopo ya nyumba, huzipa benki na sacco fedha za bei nafuu, ila kwa mikopo isiyozidi kiwango walichoweka. Ukikipita, unaangukia riba ya soko.

Chukua kalamu. Shilingi milioni 8, miaka 20: kwa riba nafuu, tuseme asilimia 9, unalipa kama 72,000 kwa mwezi; kwa ya soko, tuseme 14, karibu 99,500. Hiyo tofauti ya 27,500 ni karo ya watoto!

Mimi ningeongeza arbuni nishuke chini ya kiwango, hata kwa kungoja mwaka. Usisahau ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, na wakili. Na kabla ya kutia sahihi, uliza kama riba ni ya kudumu au inabadilika.