Barua kwa mwanangu: mbege na ubongo wa mtoto aliye tumboni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua yako imenifikia. Unauliza mambo mawili: iwapo bia ulizokunywa harusini, kabla hujajua kuwa una mimba, zimemdhuru mtoto, na iwapo ni kweli, kama anavyosema shangazi yako, kwamba kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, humwongezea mjamzito damu.

Naanza na la mbege, maana ndilo litakalokukabili ukija huku Moshi mwezi Desemba. Ndizi na ulezi ni chakula chema, lakini vikishachachuka, kileo kilichomo ndani ya kata ni kilekile cha kwenye bia. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi. Mbege haina hata karatasi ya kukueleza umekunywa kiasi gani. Damu huongezwa na maharage, mboga za majani, nyama, na vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki. Shangazi msikilize kwa heshima, kisha umwombe mtori, supu yetu ya ndizi na nyama.

Kileo hupita kwenye kondo la nyuma kwa urahisi, na haupiti muda mrefu kabla damu ya mtoto haijawa na kiwango kinachokaribia cha mama yake. Wewe una ini lililokomaa la kukivunja. La kwake ni changa, na kile anachokitoa kwa mkojo huingia katika maji yanayomzunguka, naye huyameza tena. Wakati huohuo seli za ubongo wake zinazaliwa, zinahamia mahali pake na kuungana, na kileo huua baadhi yake, huzipoteza nyingine njiani, na huvuruga miungano iliyosalia.

Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliipa hali hii ya watoto waliodhuriwa na kileo tumboni jina la Kiingereza, fetal alcohol syndrome, wakieleza watoto wenye macho madogo na kasoro nyingine za uso. Hata hivyo, wengi walioathirika huzaliwa na sura ya kawaida kabisa, na tatizo hujitokeza shuleni: mtoto anafundishwa kujumlisha leo, kesho amesahau, anatumwa dukani vitu viwili, anarudi na kimoja, anachapwa kwa ukaidi, ilhali kosa lilelile atalirudia kwa sababu ubongo wake haukumbuki adhabu kama wa wenzake. Katika miaka yangu ya uuguzi, hili la viboko ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Kuhusu bia za harusini, hakuna daktari awezaye kupima na kukuhakikishia kwamba hazikufanya lolote, lakini hatari huongezeka kadiri mama anavyokunywa kwa wingi na kwa kurudia, na siku moja hailingani na kunywa kila wiki. Ubongo huanza kuundwa mnamo wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa na huendelea kukua hadi siku ya kujifungua, kwa hiyo kuacha leo kunamsaidia mtoto, hata kama ungekuwa na mimba ya miezi saba. Hakuna kiasi wala mwezi unaojulikana kuwa salama.

Mwombe mumeo naye asilete chupa nyumbani kwa miezi hii. Ukienda kliniki, mweleze muuguzi ulikunywa lini na kiasi gani, bila kupunguza. Akikugombeza, mvumilie, ila hakikisha ameyaandika kwenye kadi yako, ili watakaomhudumia mtoto baadaye wajue.

Mama yako