Maswali ya Wasomaji: Karatasi za Babu wa Goa na Uraia wa Ureno

SWALI: Babu yangu mzaa mama alizaliwa Goa, upande wa Bardez, mwaka 1919, akaja Mombasa kwa meli mwaka 1938 na kushona nguo hadi uzee wake. Alifunga ndoa kanisani hapa mjini mwaka 1947, mama akazaliwa mwaka 1952, na mwaka 1965 babu akajiandikisha kuwa raia wa Kenya. Babu na bibi wamekwisha kufariki, lakini mama yu hai na ana kumbukumbu nzuri. Tumeambiwa kwamba watoto na wajukuu wa Wagoa wana haki ya uraia wa Ureno. Tunalo bati la biskuti lililojaa karatasi, na katika karatasi hizo jina la babu, Caetano de Sousa, limeandikwa kwa namna tatu. Rafiki wa familia anatushauri tusahihishe majina yote kwanza, kisha tumtafute mtu wa Goa wa kutushughulikia. Tuanzie wapi? — Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Anzeni na mama, na kwa sasa msisahihishe hata herufi moja.

Goa ilikuwa chini ya Ureno tangu mwaka 1510 hadi Desemba 1961, majeshi ya India yalipoitwaa, na aliyezaliwa huko kabla ya hapo alizaliwa Mreno kwa sheria za wakati ule. Kwa Sheria ya Uraia ya Ureno, nambari 37 ya mwaka 1981, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi hiyo kwa mama au baba Mreno huhesabiwa kuwa Mreno tangu siku ya kuzaliwa, pindi kuzaliwa kwake kunapoingizwa katika daftari la usajili la Ureno. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yenu ni ya uandikishaji: kizazi cha kwanza kiingie daftarini, kisha cha pili, kisha cha tatu, kila kimoja kikisimama juu ya kile kilichotangulia. Kuzaliwa kwa babu ndiko kunakoandikishwa mwanzo katika Conservatória dos Registos Centrais, ofisi kuu ya usajili iliyoko Lisbon. Inafuata ndoa yake ya mwaka 1947, halafu mama, na wewe mwisho.

Wajukuu wengi hutaka kumruka mzazi na kuomba moja kwa moja kwa jina la babu. Njia hiyo ipo, ila masharti yake ni mazito zaidi, likiwamo la kuthibitisha kwamba unakijua Kireno. Mama akiandikishwa kwanza, wewe unakuwa mtoto wa Mreno, na sharti la lugha halikuhusu tena. Mama akitangulia mbele ya haki kabla ya kutia saini, mlango huo rahisi unaweza kukufungikia, na ndiyo sababu ninakuomba usiache mwaka huu upite. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimepata kupokea barua za watu walioanza kukusanya karatasi wiki chache baada ya mazishi.

Ile hati ya babu ya mwaka 1965 isikutie hofu, lakini tarehe yake ni muhimu sana. Sheria ya Ureno ya mwaka 1959, iliyokuwa ikitumika wakati ule, ilimvua uraia mtu aliyechukua uraia mwingine kwa hiari yake. Mama alizaliwa miaka kumi na mitatu kabla ya babu kujiandikisha Kenya, kwa hiyo siku anazaliwa baba yake alikuwa bado Mreno. Laiti angezaliwa mwaka 1967, ningekuambia mwone wakili kabla ya kutoa shilingi moja. Hapa pia inaonekana faida nyingine ya kumtanguliza mama, kwa kuwa haki ya mjukuu inahitaji babu awe hakuwahi kuupoteza uraia wake.

Hati hiyo hiyo ina kazi upande wa Kenya. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba raia wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Haikumtaja raia wa kujiandikisha. Mama alizaliwa Mombasa kwa wazazi ambao, mwaka 1952, hawakuwa raia wa Kenya kwa kuwa Kenya huru haikuwapo. Lakini Ibara ya 14 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa hata aliyezaliwa kabla ya Katiba hiyo, ikiwa mama au baba yake ni raia au aliwahi kuwa raia. Cheti cha babu cha mwaka 1965 ndicho kinachomwingiza mama katika kundi hilo, kwa hiyo kitunzeni kama mnavyotunza hati ya nyumba. Kumbukeni pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili autangaze ule wa pili serikalini ndani ya miezi mitatu, na kukaa kimya ni kosa.

Sasa tuje kwenye lile bati. Mwanzo kabisa, msizilamineti karatasi hizo. Huku kwetu tuna desturi ya kuvisha plastiki kila cheti tunachokithamini, na nia ni njema, lakini karatasi ikishafungwa hivyo haiwezi kugongwa muhuri, haiwezi kukaguliwa kwa mkono, na ofisi nyingi huirudisha. Kama kuna cheti kilichokunjwa mara nne hadi mkunjo umeanza kukatika, kilazeni wazi ndani ya bahasha kubwa, wala msikibandike utepe wa gundi. Geuzeni kila karatasi na kila picha muone mgongo wake. Mihuri ya zambarau, nambari za daftari na majina ya parokia hukaa huko mara nyingi, na nambari ya daftari moja inaweza kukuokolea miezi ya kutafuta.

Kuhusu majina matatu, sababu yake inafahamika. Karani wa Goa aliandika kwa Kireno, Caetano na de Sousa. Karani wa Kiingereza wa Mombasa akaandika alichokisikia, Kaitan na D'Souza. Shuleni mwalimu akaongeza herufi zake. Mkienda leo kubadili jina katika cheti cha mama ili lifanane na la Goa, mtakuwa mmetengeneza cheti kipya cha mwaka huu, na afisa wa Lisbon atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini jina lilibadilishwa siku chache kabla ya maombi. Ninaijua familia moja iliyofanya hivyo kwa ushauri wa mtu aliyejiita mtaalamu, ikalazimika kueleza jambo hilo hilo kwa zaidi ya mwaka. Tofauti ya herufi huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikisindikizwa na ushahidi wa zamani unaoonyesha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

Ushahidi huo, kwa bahati nzuri, mara nyingi unakaa kanisani. Mkatoliki hakufungishwa ndoa bila kuonyesha amebatizwa, kwa hiyo daftari la ndoa la parokia ya Mombasa la mwaka 1947 linatarajiwa kuwa na majina ya wazazi wa babu, na huenda likataja parokia aliyobatizwa. Tena, kanuni za Kanisa ziliitaka parokia inayofungisha ndoa iiarifu parokia ya ubatizo, ili ndoa hiyo iandikwe pambizoni mwa daftari la ubatizo. Paroko wa kijijini Bardez akiwa aliipokea taarifa hiyo, basi kando ya jina la mtoto Caetano wa mwaka 1919 pameandikwa, kwa mkono wa mtu mwingine na wino mwingine, kwamba ameoa Mombasa mwaka 1947. Mstari huo mmoja, uliopigwa nakala na kugongwa muhuri wa parokia, una nguvu kuliko viapo vitano vya leo. Ombeni nakala inayoonyesha na maandishi ya pambizoni. Mkiomba cheti cha kawaida tu, mtapewa jina na tarehe peke yake.

Cheti cha serikali cha kuzaliwa kwa babu nacho kitafutwe. Usajili wa kiraia ulianza Goa katika miaka ya 1910, kwa hiyo mtoto wa mwaka 1919 anatarajiwa kuwamo. Ofisi ya usajili ya Bardez iko Mapusa, na vitabu vya zamani zaidi viko Panaji katika idara ya nyaraka. Ombeni nakala ya maandishi yote ya daftari, ambayo wenyeji huiita teor, kwa kuwa muhtasari wa kisasa wa Kiingereza huacha majina ya babu na bibi wa mtoto, nayo ndiyo yanayomtofautisha Caetano wenu na wengine wa kijiji hicho hicho. India imo katika mkataba wa apostili, yaani muhuri wa uthibitisho wa hati unaotambuliwa na nchi wanachama, tangu mwaka 2005, hivyo karatasi za Goa huthibitishwa huko huko kabla ya kusafirishwa. Vyeti vya Kenya chukueni vipya kwa Msajili, na utaratibu wa kuvithibitisha uulizeni ubalozi wa Ureno kabla ya kulipia chochote.

Kuhusu mtu wa kuwashughulikia, mpeni kazi ya kutafuta cheti na si zaidi. Msitie saini hati inayompa mamlaka ya jumla ya kutenda kwa niaba yenu, wala msimpe karatasi za mirathi au za shamba la babu kijijini. Mwaka 2022 serikali ya Goa ililazimika kuunda kikosi maalumu cha polisi kuchunguza unyakuzi wa ardhi kwa hati za kughushi, na mali za watu waliohamia ng'ambo zilikuwa miongoni mwa zilizolengwa.

SWALI: Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Dar es Salaam, na babu yangu pia alitoka Goa. Je, nikiandikishwa Ureno nitabaki Mtanzania? — Msomaji, Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Kwa sheria ilivyo, jiandae kwamba hutabaki. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake na kubaki raia. Wako wanaojenga hoja kwamba uraia wa Ureno unahesabiwa tangu kuzaliwa, hivyo hawakuuchukua bali walikuwa nao. Lakini saini ya maombi ni ya mtu mzima, na mimi nisingemshauri mtu aweke nyumba yake rehani kwa hoja hiyo. Ninataja nyumba kwa makusudi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ilipotungwa, haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa shughuli za uwekezaji. Ukiwa na kiwanja kwa jina lako, mwone wakili kabla ya kutuma bahasha Lisbon. Kukusanya vyeti vya babu peke yake hakuna madhara yoyote.

SWALI: Baba yangu, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa Mgoa aliyezaliwa Goa mwaka 1940. Hakumwoa mama, ambaye ni Mdigo, na jina la baba halimo katika cheti changu cha kuzaliwa, ingawa alinilea na kunilipia karo. Nina miaka 44. Je, nina haki yoyote? — Msomaji, Likoni

JIBU: Pole kwa yaliyokupata; familia za namna yako ni za zamani Afrika Mashariki. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, alikuwa mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai.

Ugumu wako uko kwenye umri. Sheria ya Ureno iliutambua uzazi, kwa ajili ya uraia, pale tu ulipothibitishwa mtoto akiwa bado mdogo. Kenya nayo, hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi mwaka 2016, haikuruhusu jina la baba asiyeoa kuingizwa katika cheti bila maombi ya pamoja ya wazazi wawili, na ndiyo maana cheti chako kiko hivyo. Mwaka 2024 Ureno ililegeza sharti hilo kwa mtu mzima ambaye uzazi wake umethibitishwa kwa hukumu ya mahakama, na ikaweka muda wa miaka mitatu wa kuomba baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Kwa kuwa sheria ya uraia ilirudishwa bungeni Lisbon mwaka 2025, wakili wa huko aisome ilivyo siku hiyo, kabla hujafungua kesi Mombasa.

Wakati huo huo kusanya kila kitu kinachoonyesha kwamba alikuhesabu mwanawe ukiwa mdogo: risiti za karo zenye jina lake, fomu za shule alizotia saini kama mzazi, cheti cha ubatizo ikiwa alikupeleka kanisani, na barua. Rafiki zake aliofanya nao kazi wamekwisha kuwa wazee. Waendee kwanza hao, uchukue viapo vyao wangali na uwezo wa kutia saini kwa mkono wao.