Hundi ya bima si mauzo

Nawaandikia vitabu wenye maduka ya fanicha hapa Malindi, na kila moto unapopita nakutana na jambo lile lile: fidia ya bima inaingizwa kama mauzo. Mzee mmoja alinifungulia daftari lake. Katikati ya kitanda cha mvule na stuli mbili, kwa kalamu ile ile, ameandika "Bima 2,100,000". Mwezi wenyewe Mei, mvua inanyesha, watalii hakuna, hoteli nyingi zimefunga. Afisa wa benki alipolipitia akadhani mzee kauzia hoteli nzima vitanda, akampigia hesabu ya mkopo kwa mauzo yasiyokuwepo.

Moto una mambo matatu, na kila moja liandikwe peke yake: vilivyoteketea, fidia, na vipya utakavyonunua. Kwa mashine na majengo, kiwango cha uhasibu cha IAS 16 kinataka hivyo hivyo. Usitoe hasara kwenye fidia ukaandika kilichobaki tu. Tuseme randa ya umeme ilikuwa imebakiza thamani ya 150,000 vitabuni, bima ikalipa 400,000. Hasara ni 150,000, fidia 400,000, na hiyo 250,000 inayozidi ni faida ya kwenye karatasi, maana randa mpya itaimeza yote. Wenye maduka wakiiona hutaka kuigawa. Wazuie.

Tarehe nazo zina ubishi wake. Moto wa Novemba, hasara yake ni ya mwaka huo huo. Fidia haiingii mpaka malipo yawe na uhakika. Kama bima bado wanavutana nawe hadi vitabu vinafungwa, huna cha kuandika kwenye mapato. Mwaka mmoja utaonekana mbaya kupita kiasi, unaofuata mzuri kupita kiasi. Ndivyo ilivyo. Weka maelezo chini ya hesabu, benki wasome.

Ukipewa hundi moja ya jumla, dai mchanganuo kwa asesa, yule anayekadiria hasara. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, fidia ya sofa zilizoungua hukaa kwenye shughuli za biashara, ya mashine kwenye uwekezaji, na ya faida uliyoikosa duka likiwa limefungwa hutozwa kodi kama mapato ya mwaka ulioipokea. KRA, watoza kodi, hawatakuchambulia.

Na hundi ikija ndogo usikimbilie kusema umeibiwa. Bidhaa za milioni 4 ukizikatia bima ya milioni 2.5, hasara ya milioni 1 hulipwa kwa uwiano: 625,000, kabla ya kukatwa sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Wenye mabanda ya makuti ndio hushusha thamani zaidi ili walipe kidogo kwa mwaka, na ndio wa kwanza kuungua.

Nakala ya daftari la stoki iwe nyumbani au kwenye simu, pamoja na risiti za mbao, hata za yule muuzaji anayeandika kwenye karatasi ya pakiti ya sigara.